Suruali ya Damu

Mhandisi alikuwa mtu wa kupiga. Nalisema hili mapema kwa sababu siku hizi naona watu wanaanza kumfanya malaika. Wanamsifu mikutanoni, mama mwenye miwani na sauti ya chini aliyewabunia wanawake wenzake kitu cha kuwaokoa. Ile sauti ya chini ilikuwa ya mikutanoni tu. Sisi mafundi cherehani wa mtaa wa Rwezamenyo tulimjua yule mwingine, anayerusha mkasi.

Mkasi wenyewe ulimkosa mjomba wangu kidogo sana, ukachoma mlango wa duka na kubaki umening'inia. Mjomba alikuwa ametumia sindano nyembamba ili mshono upendeze. Mhandisi aliuvuta kwa mikono miwili, uzi ukakatika, na kabla hatujajua kinachoendelea mkasi ukawa umeshapita.

"Hii mushono iko inapendeza," akasema kwa Kiswahili chake cha kukulia Uganda, "ariko mama atakufa ndani yake akipendeza." Ariko yake ni lakini yetu.

Mjomba, ambaye kwao walishona kanzu kabla babu yake Mhandisi hajavaa shati, aliung'oa mkasi mlangoni. Kisha akabadilisha sindano.

Kazi aliyotuletea ilikuwa hivi. Mwanamke akishajifungua, damu ikakataa kukatika, anaweza kufa njiani kabla gari la wagonjwa halijafika hospitali. Mhandisi alitengeneza vazi la kitambaa cha mpira, zito, lenye vipande vya kuzungushia vifundo vya miguu, mashavu ya miguu, mapaja, nyonga na tumbo. Kila kipande unakivuta kwa nguvu zako zote na kukibandika kwa velkro, ule utepe unaonatana wenyewe. Vikishabana, damu iliyolala miguuni na tumboni inarudi juu, moyoni na kichwani, na mama anaweza kushikilia roho yake hadi amfikie daktari. Mavazi ya namna hiyo yalikuwapo tayari katika nchi nyingine, na yeye mwenyewe hakuficha, ila alitaka la kushonwa hapa hapa, linalofuliwa na kurudi kazini bila kulegea. Sisi tuliliita suruali ya damu. Jina hilo alilichukia, tukaendelea nalo.

Kulivua nako kuna adabu yake. Unaanzia miguuni, kipande kimoja, unangoja, unapima mapigo ya moyo, ndipo unakwenda kinachofuata. Tumbo ni la mwisho. Ukianza na tumbo, damu inaporomoka yote kwa pamoja na moyo unabaki hauna cha kusukuma.

Kila vazi lilipokwisha alilipiga vita. Alilikanyaga, alilichoma kwa pasi, alililoweka kwenye dawa ya kuua vijidudu hadi macho yakatuwasha dukani. Siku moja alishuka Nyabugogo, kwenye mabasi ya mikoani, akarudi na wabeba mizigo wawili, wale tunaowaita karaningufu, akawaambia wavute vazi huku na huku bila huruma. Wakavuta. Mshono wa paja ukaachia, mmoja akaenda kinyumenyume na kupasua kichwa kwenye meza ya cherehani. Mhandisi aliukagua mshono kwanza, kichwa baadaye. Yule jamaa alipoona hivyo akamtandika ngumi ya bega. Mhandisi akamrudishia ya mdomo. Walipigana katikati ya vitambaa vyetu, mzee mzima na mwanamke mwenye shahada, hadi Mjomba akawamwagia maji. Baadaye nikamkuta Mhandisi amepiga magoti, anamfunga yule mtu kichwa kwa kitambaa chake mwenyewe cha shingoni, anamuuliza mshono uliachia akiwa amevuta kwa upande gani.

Ulimi wake nao ulikuwa na mikono. Akisema neno, limekupata. "Mwanamke anamaliza damu yake wewe ukitafuta kiatu," ndiyo kauli yake aliyoipenda kuliko zote, na aliisema popote, hata kwenye chakula. Mafundi wawili wapya walipolalamika kwamba anawaharakisha, alitoka nje, akajaza beseni maji ya rangi nyekundu, akaja akayamwaga yote sakafuni mwa duka. Yalienda chini ya cherehani, yakaingia kwenye marobota ya vitenge, yakafika hadi kwenye viatu vya wateja vilivyoachwa mlangoni. "Hiyo ni ya mama mumoja," akasema. "Nyie endeleeni kunywa chai." Vitenge viliharibika. Mjomba aligombana naye wiki nzima, lakini hakuna aliyelalamika tena juu ya haraka, na mimi usiku huo sikuweza kula mchuzi wa nyanya.

Halafu mtu huyo huyo kuku akichinjwa hutoka nje. Nilimcheka sana kwa hilo.

Tuligombana pia kwa ajili ya heshima. Vazi linatakiwa kuwa wazi katikati ya miguu, ili mkunga aweze kufanya kazi yake. Mjomba hakulijua hilo, au alilijua akaliona haliwezekani. Fundi Mwislamu wa Rwezamenyo hashoni nguo ya mwanamke halafu akaiacha wazi mahali pale. Kwa hiyo, kwa nia njema kabisa, aliongeza kipande cha pamba laini, tena kilichopindwa vizuri, kwenye mavazi yote ya awamu ya kwanza. Mhandisi alipoyaona alichukua wembe akavikata vyote mbele yetu, kimoja baada ya kingine, akivitupa kama anayechuna ngozi.

"Mukunga atapitisha mukono wapi, sha, jamani? Kwa dirisha?"

Mjomba akamwambia aibu ya mwanamke ni ya Mungu kuisitiri. Mhandisi akamjibu kwamba maiti nayo inasitiriwa. Toka siku ile Mjomba alikuwa akikunja shuka jepesi na kulitia ndani ya kila mfuko wa vazi, la kumfunikia mama, na Mhandisi akijifanya hajaliona.

Wengine wanamkumbuka kwa tukio la Sonatubes. Pale kwenye makutano, karibu na kituo cha pikipiki, mwanamume alikuwa anampiga mateke mkewe mwenye mimba kubwa. Watu wamesimama, simu juu. Mhandisi alikuwa anapita na mfuko wa sampuli, zile za mwanzo zilizokuwa na bizimu za chuma, kama za mkanda. Alimshushia mwanamume yule mfuko usoni, mara moja, na alipoanguka akaendelea. Waliomshuhudia walisema hakupiga kelele wala hakutukana. Alipiga kama mtu anayetwanga. Kisha akamwacha akitema damu, akageuka kwa yule mwanamke aliyekuwa anavuja, akamvalisha vazi pale pale juu ya lami, goti lake likiwa kwenye paja la mgonjwa ili apate nguvu ya kuvuta. Mwanamke alifika hospitali mzima. Mtoto hakupona. Mhandisi alilala mahabusu, na alipotoka alikuja moja kwa moja dukani kutuambia bizimu za chuma hazifai, zimemchubua yule mama.

Niseme na upande wa pili. Mkononi mwake cherehani ilitulia. Alikuwa akiisafisha yangu kwa ncha ya kanga bila kuombwa, akiitia mafuta polepole, na akizungumza nayo kwa sauti ambayo sisi hatukuwahi kuipata. Na kwa wazee alikuwa na adabu ya kutisha. Mama yangu alipoingia dukani, Mhandisi aliacha alichokishika na kupiga magoti kumwamkia, akimwita mukecuru, yaani bibi kizee, kama alivyolelewa huko Uganda, magoti yote mawili kwenye vumbi la nyuzi. Mama alifurahi kama mtoto. Alikuwa akiniambia nyinyi wanangu mmesoma madrasa lakini adabu iko kwa yule Mkristo.

Mama alikuwa mkandaji. Mtaani kwetu mwanamke akijifungua, mama ndiye aliyeitwa. Alifika na chupa ya maji ya moto na kanga safi, akamkanda mzazi tumbo kila asubuhi hadi lirudi, akamfunga, na kesho yake akafungua ili akande tena. Nusu ya wanawake wa Rwezamenyo wamepita chini ya viganja vyake. Hakuna mwanamke aliyemkanda akatokea na tumbo la kulegea, na alijivuna kwa hilo bila kificho.

Sasa nifike nisipotaka kufika.

Mdogo wangu Zaituni alijifungua mtoto wa kike kwenye kituo cha afya, kimojawapo cha vile vilivyokuwa vinalijaribu vazi letu. Damu haikukatika. Wauguzi walimvalisha sawasawa, kuanzia vifundoni, gari likampeleka hospitali, na alifika akiwa anaongea. Niliambiwa aliomba chai. Damu ya kuongezewa ilikuwa njiani, na muuguzi alitoka kwenda kuipokea. Mimi na Mhandisi tulikuwa tunapanda ngazi. Yeye alikuwa amefurahi, na naikumbuka furaha ile kwa uchungu, kwa sababu alikuwa amenishika mkono na kunivuta nikimbie kumwona mdogo wangu aliyeokolewa na mshono wangu.

Mama alitutangulia. Alikuja na chupa yake ya maji ya moto na kanga. Akamkuta mwanawe amebanwa tumbo, anatoka jasho, anamwambia, "Mama, inanibana." Akafanya alichowafanyia wanawake wote aliowahi kuwakanda. Akaivuta velkro ya tumbo, ikaachia kwa mkono mmoja, akalowesha kanga.

Tulipoingia Zaituni alikuwa ameshageuza macho. Mama alikuwa bado anakanda.

Mhandisi alitazama kipande kilichofunguka, akatazama kitanda, akampiga mama yangu kofi. La kwanza lilimkuta amesimama na la pili likamkuta ameshikilia chuma cha kitanda. "Umemuua," akasema. "Wewe na mikono yako."

Nilimrukia. Nilivua kiatu nikampiga nacho usoni, nikapiga tena, nikamchana nyusi hadi damu ikamwingia jichoni, na sijajuta hadi leo. Hakuinua mkono kujikinga. Walinzi walinitoa juu yake, na nyuma yetu mama alikuwa anauliza watu wote chumbani, mmoja mmoja, kwa upole kabisa, kama ni kweli.

Tulimzika Zaituni kabla ya magharibi. Mhandisi alikuja akasimama ng'ambo ya barabara, jicho limefungwa bandeji. Mjomba, mtu ambaye hajawahi kuua hata panya, aliokota jiwe akamrushia likampata begani. Hakuondoka. Alikaa pale hadi jeneza likapita, ndipo akageuka.

Kesho yake asubuhi wanawake walikuwa jikoni wanapika cha matanga. Mama alipita katikati yao, akafika kwenye sufuria iliyokuwa inachemka, akatumbukiza mikono yote miwili hadi juu ya viwiko. Tulimvuta wanne. Hakulia. Alituambia mikono ile haina kazi tena.

Ikapona, kwa namna yake, ngozi ikiwa imevutika na kung'aa. Lakini hakumkanda mtu tena. Wanawake walikuja mlangoni, akawarudisha. Mtoto wa Zaituni tulimlea sisi, na mama hakumgusa hata siku moja. Mtoto akitambaa kumwendea, yeye anaficha mikono ndani ya kanga na kusogea. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, watu walisema, na mimi nilitamani kuwapiga, kwa kuwa huo haukuwa uchungu wa mfiwa. Mama yangu alikuwa anaishi kama muuaji aliyeachiwa kwa makosa, na nilijua atakufa hivyo.

Kazi ya Mhandisi tuliiacha. Nilisikia majaribio yamesimamishwa, kisha nikasikia yameanza tena na vazi jipya. Sikuuliza. Aliyetaja jina lake dukani Mjomba alimfukuza.

Alikuja mwenyewe, miaka imepita, siku ya Jumapili mchana. Mtoto alikuwa amelala. Niliufungua mlango nikamkuta amekonda, nywele zimeingia mvi, ile nyusi imekatika pale nilipoichana. Alikuwa amelivaa vazi chini ya gauni pana, anatembea kama mtu aliyevunjika. Nilishika ubao wa mlango nimfungie. Akaniambia niache apigwe na mtu anayestahili kumpiga. Sikumwelewa, akapita.

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka. Mhandisi hakuamkia. Alivua gauni akabaki na vazi lile na fulana, akajilaza chali mbele yake.

"Mukecuru, fungua hapa kwa tumbo."

Mama akageuza uso ukutani. Mjomba, aliyekuwa anakula, alisimama na sahani mkononi. Akamwambia Mhandisi atoke kabla hajamwaga damu ndani ya nyumba yake.

"Siku ile ulifungua na mukono mumoja," Mhandisi akamwambia mama, wala hakumtazama Mjomba. "Leo leta yote mbili."

Nilidhani mama atazimia. Badala yake alitoa mikono ndani ya kanga, ile mikono ya kuungua ambayo hatukuwa tumeiona mchana kwa muda mrefu, akamrukia Mhandisi.

Sijui niieleze vipi. Mama yangu, mwanamke wa kusalimia hata paka, alishika kipande cha tumbo na kukivuta hadi velkro ikalia. Hakikuachia. Alivuta kwa pembe, akavuta kwa katikati, akakanyaga nyonga ya Mhandisi kwa mguu mmoja na kuvuta tena. Akakipiga ngumi. Akamchakura shingo na kifua pale ambapo vazi halikufika. Akainama akauma velkro kwa meno yaliyobaki, akawa anatikisa kichwa, na kilio kikamtoka puani. Mjomba alitaka kwenda, nikamshika kiuno na kumzuia kwa nguvu zangu zote. Mhandisi alikuwa amelala pale anakubali kila pigo, machozi yanamtiririka kuingia masikioni, na kila mara mama alipopungua alimwambia, "Tena."

Nilichokiona, kwa kuwa mimi ni fundi na jicho halina adabu, ni mkanda mwembamba. Kila mguu ulikuwa na wake. Umeshonewa juu kwenye tumbo, ukashuka ukapenyezwa kwenye kitanzi cha kila kipande, nyonga, paja, shavu la mguu, hadi kifundoni, na ncha yake ikafungwa huko. Tumbo haliwezi kufunguka mpaka mkanda uchomolewe kutoka chini, kitanzi baada ya kitanzi. Mtu asiyejua lolote, awe muuguzi au mama, vazi lenyewe lingemkatalia.

Mama alichoka. Alikaa kitako, kucha mbili zinavuja damu.

"Siku ile," akasema, "ingenikatalia hivi?"

"Ingekukatalia."

"Na mwanangu?"

"Damu ya kumuongeza ilikuwa kwa ngazi, mukecuru. Ilikuwa inafika."

Mama akakigusa kile kipande cha tumbo. "Mbona hukuishona hivi toka mwanzo?"

Mhandisi akajifuta masikio yaliyojaa machozi. Alikuwa amewafundisha wauguzi, madereva wa magari ya wagonjwa, hata wafua nguo wa hospitali.

"Nilikuwa nafikiri damu tu," akasema. "Mama wa mutu sikumufikiri. Kosa iko yangu. Nilikupiga juu ya kosa yangu."

Mama akalia. Alilia kwa sauti, akimtaja Zaituni kwa jina, akijipiga mapaja, kilio ambacho alitakiwa kukilia siku ya maziko na hakupewa nafasi. Sote tulilia. Mjomba aliweka sahani chini akalia akiwa amesimama. Nilimchukia Mhandisi na kumpenda kwa wakati mmoja, na sikujitaabisha kuchagua.

Alipotulia, mama alijipangusa kwa kanga, akasogea kwa magoti hadi miguuni mwa yule aliyelala.

"Nionyeshe," akasema.

Mhandisi akamwelekeza ncha ya mkanda. Mama akaitoa kitanzini kwa vidole vyake vigumu, akafungua kifundo, akangoja.

"Sasa?"

"Bado. Shika mapigo kwanza."

Mama akamshika mkono, akasikiliza. Wakaenda hivyo, shavu la mguu, paja, nyonga, na kila mara aliuliza, na kila mara aliambiwa angoje. Lilipobaki tumbo akarudisha mikono nyuma.

"Hili fungua mwenyewe, mwanangu."

"Oya, hapana. Wewe."

Mama akasoma bismillahi, akalifungua. Mhandisi alivuta pumzi akabaki anamtazama, macho wazi. Mama aliweka viganja vyake juu ya tumbo lile, akakaa, akalisikia likipanda na kushuka. Kisha akaniagiza maji ya moto, bila kugeuka, na kabla sijafika mlangoni alikuwa ameshaanza kukanda.